Kompyuta kujifungua bila nywila: kwa mzee wangu ilifaa, kwenye zahanati nilikosea

FundiWaKondele (Kisumu)

Hamjambo wandugu. Natengeneza kompyuta hapa Kondele, na siku hizi wateja wengi wana ombi moja: "Fundi, niondolee hii nywila. Nikiwasha mashine iingie yenyewe." Nitaeleza inavyofanywa, lakini kwanza niwasimulie mara mbili nilizolifanya jambo hili. Ya kwanza ilinipa furaha. Ya pili ilininyima usingizi.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa baba yangu, nyumbani Butere. Ni mwalimu mstaafu. Kiharusi kilimpokonya nguvu za mkono wa kulia, na wa kushoto haujazoea kibodi. Nywila yake nilimwekea mimi, ndefu, yenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Akikosea mara tatu anafunika laptopu na kunyamaza. Siku moja mama akaniambia kwa simu kwamba mzee husubiri mjukuu atoke shuleni jioni ndipo afunguliwe asome gazeti. Mtu aliyefundisha maisha yake yote, anangoja mtoto amfungulie gazeti! Jumamosi hiyo hiyo nilipanda matatu nikaenda. Tangu siku hiyo akibonyeza kitufe cha kuwasha anasubiri kidogo, na gazeti liko mbele yake.

Mara ya pili ilikuwa kwenye zahanati moja ya binafsi, kompyuta ya mapokezi. Stima inapotea, inarudi, wagonjwa wamejipanga, na karani anayejua nywila ametoka. Mwenye zahanati akaniomba niiondoe. Nami nilikuwa bado na ile furaha ya Butere, sikuuliza maswali. Dakika tano kazi ikawa imeisha.

Wiki tatu baadaye wezi walivunja mlango usiku wa Ijumaa wakabeba mashine. Jumatatu asubuhi mwenye zahanati akanipigia: "Lakini si ulisema diski imefungwa kwa BitLocker?" Kweli nilisema, na kweli ilikuwa imefungwa. BitLocker ni kifungio cha Windows kinachogeuza data za diski zisisomeke bila ufunguo. Ila kwa mpangilio wa kawaida, ufunguo wa BitLocker hukaa kwenye chipu iitwayo TPM, ndani ya mashine ile ile. Ukiwasha, chipu inautoa ufunguo bila kumuuliza mtu yeyote. Ukiing'oa diski ukaipeleka kwenye mashine nyingine, hapo itakataa. Ukiiwasha mashine nzima ilivyo, diski inafunguka, na kinachobaki kumzuia mgeni ni nywila ya Windows peke yake. Hiyo nywila ndiyo niliyoiondoa kwa mikono yangu. Aliyeiwasha mashine ile alitua moja kwa moja kwenye majina ya wagonjwa, maradhi yao, na barua pepe iliyokuwa wazi.

Tulibadilisha nywila ya barua pepe kwa simu na kuvitoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia. Wizi ukaandikishwa polisi. Pia ilibidi kuiarifu ofisi ya Kamishna wa Data, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa saa 72 tangu ujue kwamba data za watu zimefikiwa na asiyestahili na kuna hatari ya kuwadhuru, na habari za afya ni miongoni mwa zile zinazohesabiwa kuwa nyeti. Lakini kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumatatu mlango ulikuwa wazi, na hakuna wa kuzirudisha siku hizo.

Kwa hivyo mteja akiniomba sasa, namuuliza kwanza: mwizi akiiwasha hii mashine, kwenye akaunti hiyo atakuta nini? Akinijibu "gazeti na picha za wajukuu", nafanya. Akinijibu "hesabu za chama", tunatafuta njia nyingine.

Sasa hatua zenyewe, kwa Windows 10 na 11:

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R. Andika netplwiz kisha Enter. Litatokea dirisha lenye majina ya akaunti zote. Bofya jina la akaunti unayotaka iingie yenyewe. Juu ya orodha kuna kisanduku kilichoandikwa "Users must enter a user name and password to use this computer". Ondoa alama ya tiki, bonyeza "Apply", andika nywila mara mbili, "OK". Iwashe upya uone.

Andika nywila kamili, wala si PIN ya tarakimu nne. Hapo ndipo wengi hukwama. Wanaandika PIN, Windows inaipokea bila kulalamika, kisha ikiwaka inasema nywila si sahihi. Kama unatumia akaunti ya Microsoft, nywila inayotakiwa ni ile ya kuingilia barua pepe yako ya Microsoft. Na siku ukiibadilisha, rudia hatua hizi, kwa sababu mashine itaendelea kuijaribu ile ya zamani.

MamaVitambaa (Nakuru)

Pole sana fundi, na asante kwa kusema ukweli wako mbele za watu. Mafundi wengi hawasemi.

Nimefuata hatua zako dukani. Windows 11, mashine mpya. Dirisha limefunguka, majina nayaona, lakini hicho kisanduku hakipo kabisa. Nimetafuta mpaka wateja wakaanza kunishangaa.

FundiWaKondele

Dada, macho yako ni mazima. Microsoft walikificha. Nenda kwenye "Settings", kisha "Accounts", kisha "Sign-in options". Teremka hadi uone maneno "For improved security, only allow Windows Hello sign-in for Microsoft accounts on this device". Zima swichi hiyo. Funga dirisha la netplwiz kama liko wazi, ulifungue tena. Kisanduku kitakuwepo.

Ukikikosa hata baada ya hapo, niambie kama mashine imeunganishwa na mtandao wa ofisi unaosimamiwa kutoka makao makuu. Hizo huwa hazina kisanduku hicho, na mwenye uamuzi ni msimamizi wa mtandao wenu.

MamaVitambaa

Kimeonekana! Lakini sijaondoa tiki. Nimesoma tena habari ya zahanati nikasita. Hali yangu ni hii: mashine moja inaonyesha kamera nne za duka kwenye skrini ya ukutani, na hiyo hiyo ndiyo ninayofanyia hesabu, kulipia kodi, na kuangalia malipo ya till. Stima ikipotea ikarudi, mashine inakaa imezimwa. Nikiwa nimeenda kuchukua mzigo, msichana wangu wa dukani hana picha ya kamera hadi nirudi. Nifanyeje?

KaraniWaHesabu (Kisumu)

Naomba kuongeza kabla fundi hajajibu. Mimi ni karani wa hesabu, si fundi, lakini haya nayaona kazini. Watu wanadhani hatari iko kwenye mafaili tu. Hatari kubwa iko kwenye kivinjari. Ukishaingia iTax ya kodi, eCitizen ya huduma za serikali na barua pepe ukabofya "kumbuka nywila", anayekalia kiti chako anaingia humo kama wewe. Chrome itamuuliza nywila ya Windows akitaka kuzisoma kwa macho. Lakini kuingia kwenye tovuti hahitaji kuzisoma, kivinjari kinamjazia.

Na nywila nyingi hubadilishwa kupitia barua pepe. Mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya karibu kila kitu.

FundiWaKondele

Karani amesema kweli tupu, na ndilo lililonitia hofu zaidi kule zahanati.

Mama, kwako suluhisho ni akaunti mbili kwenye mashine moja. Fungua akaunti mpya, uiite "kamera". Iwe ya mtumiaji wa kawaida, isiwe na mamlaka ya msimamizi. Humo weka programu ya kamera peke yake. Usiingie barua pepe humo, usiingie iTax, hata mara moja "kwa haraka". Hiyo ndiyo utakayoiruhusu ijifungue. Akaunti yako ya hesabu ibaki na nywila yake. Ukitaka kufanya hesabu, bonyeza kitufe cha Windows na L, chagua jina lako, andika nywila, ingia.

Hakikisha tu mafaili ya hesabu yamo ndani ya mafolda ya akaunti yako, kama "Documents", yasiwe yamewekwa ovyo kwenye diski D ambako akaunti yoyote inaweza kuyafungua.

Mashine kuwaka yenyewe stima ikirudi ni jambo la pili, na haliko ndani ya Windows. Zima mashine, iwashe huku ukibonyeza F2 au Del mfululizo (nyingine ni F10), uingie kwenye bayosi, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijaamka. Tafuta sehemu ya umeme. Jina hutofautiana kwa watengenezaji: "Restore on AC Power Loss", "AC Back", "After Power Loss". Chagua "Power On" au "Always On". Laptopu nyingi hazina mpangilio huu, ila kompyuta za mezani huwa nao.

Kisha programu ya kamera ijifungue. Ukiwa ndani ya akaunti ya "kamera", bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shell:startup, Enter. Folda itafunguka. Buruta humo njia ya mkato ya programu. Basi.

Na ukipata pesa kidogo, nunua UPS, betri inayoishikilia mashine stima ikipotea. Kuzimwa ghafla kila siku kunaharibu diski, na hakuna mpangilio wa bayosi unaoponya hilo.

MwalimuWaBungoma

Nimeufuatilia uzi huu kwa makini. Sisi shuleni tuna kompyuta ishirini na nne. Kipindi ni dakika arobaini, na nakueleza bila kutia chumvi, dakika kumi zinaishia kwenye kuingia. Mmoja amesahau, mwingine herufi kubwa zimewaka bila yeye kujua, wa tatu ameandika nywila kwenye nafasi ya jina. Kuna mtu ametushauri tuondoe nywila zote zibaki tupu. Je, ni sawa na hiki mnachozungumzia?

FundiWaKondele

Mwalimu, si sawa, na tofauti yake itawagusa shuleni hasa. Akaunti ikiwa na nywila tupu, Windows kwa kawaida huiruhusu kutumika mtu akiwa ameketi mbele ya mashine tu. Kupitia mtandao inakataliwa. Kama mna folda moja ya masomo kwenye mashine ya mwalimu, au printa iliyounganishwa kwenye kompyuta moja na nyingine zinaitumia, mtashangaa mambo yanagoma bila sababu ya kuonekana. Nimeitwa kwenye saiba mbili kwa tatizo hilo hilo. Kila mtu alikuwa anailaumu printa.

Akaunti inayojifungua ina nywila, ila mashine inaijaza yenyewe. Mtandao unaendelea kufanya kazi.

Kwa kompyuta nyingi mtumie programu ndogo ya bure iitwayo Autologon, kutoka Sysinternals, ambayo ni ya Microsoft tangu 2006. Unajaza jina la akaunti na nywila, unabonyeza "Enable", umemaliza. Akaunti iwe "mwanafunzi", ya kawaida, na ya msimamizi ikae na nywila anayoijua mwalimu peke yake. Ukitaka kuingia kama msimamizi, shikilia kitufe cha Shift wakati mashine inawaka upya au unapotoka kwenye akaunti, nayo haitajifungua.

Jambo moja nawasihi. Mtandaoni kuna maelekezo ya kuingia kwenye rejistri (daftari la ndani la mipangilio ya Windows), sehemu ya Winlogon, na kuandika AutoAdminLogon kuwa 1 kisha nywila kwenye DefaultPassword. Inafanya kazi, lakini nywila inakaa pale ikiwa maandishi wazi, na mwanafunzi mdadisi ataisoma. Autologon huificha kwa kuisimba, yaani kuigeuza isisomeke. Hata hivyo mwenye mamlaka ya msimamizi anaweza kuisimbua, kwa hivyo nywila ya "mwanafunzi" isifanane kabisa na nyingine yoyote ya shule.

MwalimuWaBungoma

Nimeelewa. Na kuna kompyuta moja maktabani ambayo nataka watoto waone kamusi tu na kitu kingine kisifunguke.

FundiWaKondele

Ikiwa ni Windows Pro au Education, tazama "Settings", "Accounts", "Other users", halafu "Set up a kiosk". Inaunda akaunti yake yenyewe, inaingia bila kuuliza, na kufungua programu moja tu uliyoichagua. Windows Home haina.

JiraniWaKakamega

Samahani wandugu, nitasema tofauti. Mnawatisha watu. Nyumbani kwangu mimi na mke wangu na watoto, mbwa wawili na lango. Nimeiacha kompyuta wazi miaka mingi na sijaona baya. Nywila zimekuwa mzigo: ya simu, ya benki, ya kazini, ya umeme, ya kila kitu. Mtu ana haki ya kupumzika kwenye kompyuta yake.

KaraniWaHesabu

Jirani, haki hiyo unayo, na hakuna anayekupokonya. Niruhusu swali moja tu. Laptopu hiyo hukaa nyumbani siku zote? Haijapanda matatu? Haijaenda kwa fundi ikalala huko siku mbili?

JiraniWaKakamega

Hapo umenishika. Ilienda kwa fundi mwaka jana, siku nne.

FundiWaKondele

Na mimi nikiwa fundi nashuhudia: mashine nyingi zinazoletwa kwangu naziwasha na najikuta ndani ya maisha ya mtu. Sitaki kuyaona, lakini yako pale. Jirani, iache ijifungue kama umeridhika, ila kabla ya kuipeleka kwa fundi rudisha tiki kwenye kile kisanduku, na umfungulie fundi akaunti yake. Ni dakika mbili.

Na kama kinachokuchosha ni urefu wa kuandika, kuna PIN. Ukimaliza tarakimu ya mwisho inaingia bila hata Enter. PIN imefungwa kwenye mashine hiyo moja, kwa hivyo anayeijua hawezi kuitumia kuingia barua pepe yako kutoka Mombasa. Kuna pia alama ya kidole na kamera ya uso kama mashine inazo. Wengi walioniomba niondoe nywila, nikiwaonyesha PIN wanaridhika wanaenda zao.

MwanafunziMaseno

Niwasaidie kidogo wanaotumia Linux badala ya Windows. Kwenye Ubuntu ni "Settings", "System", "Users", bonyeza "Unlock", kisha washa "Automatic Login". Matoleo ya zamani kidogo "Users" iko nje moja kwa moja. Linux Mint fungua "Login Window", sehemu ya "Users".

Usishtuke Chrome ikikuomba nywila baada ya hapo. Nywila zilizohifadhiwa hukaa kwenye kisanduku chake kiitwacho keyring, ambacho hufunguliwa na ile nywila unayoandika wakati wa kuingia. Hukuiandika, kwa hivyo kisanduku kimebaki kimefungwa. Utaona watu mtandaoni wanashauri kisanduku hicho kipewe nywila tupu. Mimi sishauri, maana hapo nywila zako zote zinakaa bila kusimbwa.

Lakini kuna njia ninayoipenda, na naona inajibu hata kisa cha zahanati. Unaposakinisha Ubuntu, chagua kusimba diski nzima kwa nywila. Kila ukiwasha, mashine inaomba nywila hiyo kabla hata mfumo haujaamka. Ukishaiandika, ruhusu akaunti ijifungue. Unaandika nywila moja tu kwa siku, na mwizi akibeba mashine ikiwa imezimwa hapati kitu.

FundiWaKondele

Kijana, umenifundisha. Kwenye Windows Pro inawezekana pia kuitaka BitLocker iombe PIN kabla ya kuwaka, na hiyo ndiyo niliyowawekea zahanati kwenye mashine mpya. Stima ikirudi, karani anaandika tarakimu za diski, kisha nywila yake. Makarani watatu sasa kila mmoja ana akaunti yake, kwa hivyo hakuna tena "aliyetoka na nywila". Foleni haijaongezeka. Ningeuliza mwanzo, hilo lingejulikana mwanzo.

Ya Mac niiseme kwa ufupi kwa kuwa nimeulizwa inboksi: "System Settings", "Users & Groups", "Automatically log in as". Ikiwa haikubali, FileVault, kifungio cha diski cha Apple, imewashwa, na Apple hawaruhusu vitu hivyo viwili pamoja. Ningekuwa wewe ningeiacha FileVault.

MamaVitambaa

Nimerudi na habari. Jana saa tisa alasiri stima ilipotea mtaa mzima huku Nakuru, ikarudi karibu saa kumi na moja. Nilikuwa Nairobi kwa mzigo. Nikampigia msichana wangu: "Skrini inaonyesha nini?" Akaniambia: "Mama, kamera zote nne zimerudi, sijagusa kitu." Akaunti yangu imebaki imefungwa. Mungu akubariki fundi.

KaraniWaHesabu

Safi sana dada.

Fundi, nina swali ambalo limekuwa likinikaa moyoni tangu mwanzo wa uzi, na nauliza kwa heshima. Kwa mzee Butere uliruhusu akaunti gani? Ile ile anayopokelea barua pepe? Maana mstaafu hupata mambo ya pensheni kwa barua pepe.

FundiWaKondele

Dada karani, nimesoma swali lako nikampigia mama papo hapo. Ni akaunti ile ile. Barua pepe iko wazi, na barua za pensheni zimo.

Jumamosi naenda Butere. Nitamfungulia mzee akaunti ya pili ya gazeti na simu za video za wajukuu, na hiyo ndiyo itakayojifungua. Ya barua pepe itabaki imefungwa kwa PIN ya tarakimu sita, zote aweze kuzifikia kwa kidole cha mkono wa kushoto. Nimemwambia mama amwandae. Nikasikia mzee akiuliza nyuma: "Gazeti litabaki?" Nimemwambia litabaki.